Operesheni ya Nyonga au Goti: Tujue Bei Yote Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Kuanzia Kendu Bay mpaka Isebania, kadi za mchango wa matibabu zinazunguka kila wiki. Mara nyingi kadi imeandikwa jumla moja tu: "Tunaomba msaada, laki tatu na nusu zahitajika kwa operesheni ya nyonga." Watu wanachanga, ng'ombe anauzwa, kipande cha shamba kinakodishwa, na mgonjwa anapelekwa. Baada ya wiki mbili kadi ya pili inatokea: sasa ni pesa za magongo, za gari la kumrudisha nyumbani na za dawa. Jamaa wamechoka, na mkoba wa kikundi umebaki mtupu.

Si kwamba watu hawana moyo. Shida ni kwamba ile jumla haikufunguliwa mapema ili kila mtu aone ndani yake mna nini. Makala hii inaeleza kiungo kinachobadilishwa ni nini, gharama yake imegawanyika vipi, na kikundi kinaweza kujipangaje. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: operesheni ya kubadilisha kiungo mara nyingi inaweza kungoja miezi kadhaa. Hiyo miezi ni mali. Itumieni.

1. KIUNGO KINAHARIBIKAJE?

Nyonga ni kama mchi na kinu. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nacho kinazunguka ndani ya kibakuli cha mfupa wa kiuno. Kila upande umefunikwa na gegedu, yaani kile kitu cheupe, laini na kinachoteleza, unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu likiisha, mfupa unasugua mfupa. Hapo mtu anaanza kuchechemea, analala kwa shida, na mwishowe hawezi hata kuvaa viatu mwenyewe.

Huku kwetu sababu ziko nyingi, lakini nne tunaziona sana:

(a) Umri na kazi ngumu ya miaka mingi, pamoja na uzito wa mwili kupita kiasi. Hii huharibu magoti zaidi.

(b) Kuvunjika. Wazee huanguka bafuni au shambani, na vijana huumia kwa ajali za bodaboda.

(c) Ugonjwa wa seli mundu, ule ambao wengi huuita sikoseli. Nyanza ni moja ya sehemu za Kenya ambako ugonjwa huu ni mwingi. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, na mfupa unakufa polepole. Ndiyo maana unaweza kumwona kijana wa miaka ishirini anatembea kama mzee.

(d) Pombe nyingi, na dawa za kundi la steroidi zikitumiwa muda mrefu bila daktari. Hizi pia zinaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja. Jihadharini na tembe za "kuondoa maumivu yote" zinazouzwa sokoni bila jina.

2. OPERESHENI YENYEWE NI NINI?

Daktari wa mifupa anakata sehemu iliyoharibika na kuweka kiungo bandia. Kwa nyonga, kichwa huwa ni cha chuma au cha kauri, na kibakuli mara nyingi kina plastiki maalum ndani. Kwa goti, ni vipande vya chuma na katikati yake plastiki. Vingine hushikizwa kwa saruji ya mifupa.

Kazi hii si ya jana. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington huko Uingereza ndiye aliyeifanya operesheni ya nyonga iwe ya kutegemewa, mwaka 1962. Kabla ya hapo alikuwa ametumia plastiki ya aina nyingine, nayo ikalika haraka, ikabidi wagonjwa wengi wafanyiwe operesheni tena. Ndipo akapata plastiki ngumu zaidi. Hapa tunapata somo la pesa pia: kiungo kinacholika haraka ni cha bei ghali, hata kama kilinunuliwa rahisi, kwa sababu operesheni ya pili ni ngumu zaidi na hugharimu zaidi.

Je, hudumu muda gani? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa kutumia kumbukumbu za nchi tajiri kama Australia na Ufini, ulikadiria kwamba katika nyonga bandia 100, karibu 58 hufikisha miaka 25. Kwa magoti mazima yaliyobadilishwa ni karibu 82 kati ya 100. Kwa dana wa miaka sabini, hii ina maana kwamba pengine hatahitaji kurudi. Kwa kijana mwenye sikoseli, ina maana kwamba familia ijue mapema kuwa huenda operesheni nyingine ikahitajika maishani mwake.

3. JE, NI LAZIMA? NA NI LAZIMA SASA?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza pesa, kwa sababu kila ugonjwa wa nyonga unachukuliwa kama moto wa nyumba. Tuutenganishe mzigo mara mbili.

Wa kwanza ni mzee aliyeanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Huyu hawezi kungoja. Akilazwa kitandani wiki nyingi atapata vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu au damu kuganda miguuni, na wengi hufa hivyo. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na operesheni isicheleweshwe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Wa pili ni yule ambaye kiungo kimekuwa kikiharibika kwa miaka. Huyu ana nafasi ya kupanga. Wakati wa kungoja kuna mambo ya kumsaidia: kupunguza uzito, mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja, na fimbo. Fimbo ishikwe mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Dawa za maumivu zitumiwe kwa maelekezo ya daktari, maana zikizidi huchoma tumbo na kuumiza figo. Wengine wakifanya hivi hukaa miaka bila kuhitaji kisu.

Lakini msingoje bila mwisho. Kama maumivu yanamwamsha kila usiku, kama hawezi kutembea kutoka nyumbani mpaka barabarani, au mguu unazidi kufupika, basi daktari wa mifupa amwone tena. Na mtoto mwenye sikoseli akilalamika nyonga, apigwe picha ya eksirei mapema. Msiseme "ni maumivu yake ya kawaida."

4. GHARAMA INA MAFUNGU MANNE

Chukueni karatasi, mchore mistari minne. Kila fungu liandikwe mahali pake.

Fungu la kwanza: kabla ya operesheni. Kumwona daktari wa mifupa, picha za eksirei, vipimo vya damu, moyo na mkojo, na nauli ya kwenda na kurudi. Meno mabovu na vidonda vya ngozi vitibiwe kwanza, kwa sababu vijidudu vinaweza kusafiri kwa damu vikakaa kwenye chuma. Picha na vipimo vingi vinaweza kufanywa karibu, katika hospitali za kaunti za Homa Bay na Migori. Beba picha zako unapokwenda mbali, usije ukalipishwa mara mbili.

Fungu la pili: kiungo bandia. Hiki mara nyingi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bili. Kinatoka nje ya nchi, na bei hutofautiana kwa aina na kwa anayeuza. Kuna hospitali ambazo huweka kiungo ndani ya bei yao, na kuna ambazo humwambia mgonjwa akinunue mwenyewe. Hapa ndipo bei mbili zinazoonekana tofauti zinaweza kuwa sawa, au ile ndogo ikawa ndiyo kubwa.

Fungu la tatu: hospitali. Chumba cha upasuaji, daktari wa mifupa, daktari wa usingizi, kitanda, dawa, na damu kama itahitajika. Jamaa wajitayarishe kutoa damu. Damu ya kuchangwa haiuzwi, na mtu akikunong'onezea kwenye lango kwamba ana mfuko wa kukuuzia, mwepuke.

Fungu la nne: baada ya operesheni. Hili ndilo husahauliwa. Magongo. Gari la kumrudisha, kwa maana huwezi kumpandisha bodaboda mtu aliyetoka kubadilishwa nyonga. Chakula na malazi ya anayemwangalia. Kurudi kliniki. Mazoezi ya viungo kwa wiki nyingi, ambayo yasipofanywa goti hukauka na pesa yote inakuwa bure. Halafu nyumba: kitanda kisiwe chini sana, na asikalie kile kigoda kifupi cha jikoni. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunaweza kuchomoa nyonga mpya, kwa hiyo fundi seremala amtengenezee kiti cha juu chenye tundu. Mwisho, hesabuni kazi itakayolala. Kwa miezi kadhaa hatalima, hatavua samaki wala kubeba magunia. Nani atapalilia? Nani atalipa karo?

5. ULIZENI, NA MUANDIKIWE

Kuuliza bei si kumkosea daktari heshima. Anayefuatana na mgonjwa aende ofisi ya hesabu kwa upole na daftari mkononi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Samahani dada, hii laki mbili na nusu mliyotuambia, chuma kimo ndani?"

"La, mama. Chuma mnanunua nyinyi."

"Na daktari wa usingizi?"

"Yeye ana bili yake."

"Asante. Tafadhali tuandikie yote kwenye karatasi moja, tupeleke kwa wazee nyumbani."

Maswali mawili tu, na picha imebadilika kabisa. Haya ndiyo ya kuuliza kila mahali:

- Bei hii ina kiungo bandia ndani? Ni cha aina gani, na kimetengenezwa na nani?
- Ina madaktari wote, dawa na siku ngapi za kitanda? Akikaa zaidi, siku moja ni pesa ngapi?
- Ina mazoezi ya viungo na magongo?
- SHA inalipa kiasi gani, na sisi tunabaki na kiasi gani?
- Ikitokea chuma kimeingiwa na vijidudu au kimechomoka, gharama ni ya nani?
- Tunaweza kulipa kwa awamu?
- Daktari huyu hufanya operesheni hii mara nyingi?

Tafuteni bei angalau sehemu mbili. Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoiita "Russia". Mbali zaidi, hospitali za misheni za Tenwek kule Bomet, Kijabe na PCEA Kikuyu zinajulikana kwa kazi ya mifupa. Mnapolinganisha, jumlisheni mafungu yote manne. Hospitali ya mbali yenye bei ndogo inaweza kuwa ghali ukiongeza nauli za kurudi kliniki mara nne. Tena inaweza kuwa rahisi, kama bei yake ina kila kitu na mazoezi mtayafanyia huku nyumbani. Karatasi ndiyo itakayowaambia.

6. SHA INAINGIA WAPI?

Bima ya zamani ya NHIF, iliyoanza mwaka 1966, haiko tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kadi ya zamani haisaidii. Mtu hujiandikisha kwa simu, *147#, au katika kituo cha afya, akiwa na kitambulisho, na anawaandikisha mume au mke na watoto.

Eleweni tofauti moja ambayo huwachanganya wengi. Kujiandikisha peke yake kunakupa huduma katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Lakini operesheni hufanyika hospitali kubwa, na huko lazima uwe umelipa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo tunapimwa uwezo wa nyumba kwa maswali, halafu tunalipa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ili mtu akopeshwe malipo ya mwaka kisha alipe kidogo kidogo.

SHA hailipi kila bili yote. Kila operesheni ina kiwango chake, hospitali lazima iwe na mkataba na SHA, na kibali hutolewa kabla ya operesheni. Viwango hubadilishwa na serikali, kwa hiyo msitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana. Nendeni dawati la SHA hospitalini, muandikiwe kiasi.

7. HESABU YA KIKUNDI

Tuseme kikundi chenu kina wanachama 30, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa mwezi kwa mfuko wa wagonjwa. Kwa mwaka ni 36,000. Pesa hiyo haiwezi kulipa operesheni hata moja. Lakini pesa hiyohiyo, shilingi 36,000, inalipa SHA ya mwaka mzima kwa nyumba kumi zenye kiwango cha chini. Katika miaka mitatu mkizunguka kama mnavyozunguka kwenye nyoluoro, kila nyumba imeguswa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwekwe mahali pazuri.

Sasa tuangalie mkopo. Tuseme baada ya SHA limebaki deni la 150,000. Mtu akikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kama inavyofanywa katika vyama vingi, akaacha deni lote likae mwaka mzima, riba peke yake ni 15,000 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni 180,000. Riba imekuwa kubwa kuliko deni lenyewe! Riba ya namna hiyo inafaa mkopo mdogo wa kununua omena na kuuza wiki hiyohiyo. Haifai nyonga.

Sasa mgonjwa huyohuyo, kama daktari amesema anaweza kungoja, na ana watoto watano. Kila mtoto akiweka 3,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi ni 150,000, bila riba yoyote. Pesa iwekwe kwenye akaunti ya Sacco au benki yenye sahihi tatu, si kwenye simu ya mtu mmoja. Harambee ije mwisho, kujaza pengo lililobaki, na kadi yake ionyeshe mafungu yote manne. Watu hutoa kwa moyo wakiona hesabu.

Na jambo moja la kusema waziwazi: ardhi isiuzwe kwa haraka ya wiki moja. Anayejua una mgonjwa hununua kwa bei ya kutupa. Mgonjwa akipona atahitaji pa kulima.

8. BILI IKIZIDI

Nendeni mapema kwa ofisa wa huduma za jamii wa hospitali, kabla ya siku ya kutoka. Hospitali nyingi za umma na za misheni zinaye. Beba barua ya chifu au ya parokia inayoeleza hali ya nyumba. Ofisa anaweza kupendekeza bili ipunguzwe au ilipwe kwa awamu.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili ya kujifungua. Ilisema kuwazuia hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba. Hata hivyo deni halifutwi. Wekeni sahihi mkataba wa kulipa kiasi mnachokiweza kweli, na mtunze kila risiti.

9. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

(1) Katika kijiji chetu ni nani anachechemea na hajawahi kupigwa picha? Nani atamsindikiza?

(2) Ni nyumba ngapi za wanachama wetu zimelipa SHA, si kujiandikisha tu? Hesabuni kwa mikono juu.

(3) Katiba ya kikundi chetu inasema nini kuhusu mkopo wa matibabu? Riba yake iwe sawa na ya biashara?

(4) Kadi ya mchango ikiletwa kwetu, tutaomba karatasi gani kabla ya kutoa?

(5) Mwanachama akirudi kutoka operesheni, nani atampalilia shamba, na fundi gani atatengeneza kiti cha choo?

Katibu aandike majibu, na mkutano ujao mwanze na swali la pili. Hilo halingoji mgonjwa.